Jua la Mbeya linaua nini, na linaacha nini

Mwaka wangu wa pili kuendesha gesti ya vyumba sita hapa Mwanjelwa, mgeni alinigongea saa tisa usiku akiwa na shuka mkononi. Kunguni. Kulipokucha nikatoa magodoro yote uani, nikayaanika kutwa nzima na kuyageuza mara mbili, kama mama alivyonifundisha. Ilikuwa Julai, anga halina hata wingu. Usiku ule ule watu wakaumwa tena.

Nilikuwa nimechanganya mwanga na joto. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inatupiga kuliko inavyowapiga watu wa Dar. Ndiyo maana Juni mtu anababuka pua huku kavaa sweta. Mionzi hiyo inaua vijidudu pale tu inapovigusa. Kunguni anajificha, na anayemuua ni joto, ambalo huku kwetu ni la kubahatisha.

Hatua ya 1: Osha ndipo uanike. Uchafu uliokauka ni kivuli, na kijidudu kilicho ndani yake hakipati mionzi. Fua kwa sabuni, suuza, kamua, kisha tandaza shuka lote kwenye kamba, usilikunje mara mbili ili kubana nafasi. Geuza upande wa pili. Anika nje kabisa, maana kioo cha dirisha kinazuia sehemu ya mionzi iliyo kali zaidi.

Hatua ya 2: Damu, matapishi na kinyesi usiliachie jua. Vaa glavu, futa uchafu, kisha mwagia jiki. Ile ya asilimia 3.5 changanya kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, subiri dakika 10, halafu osha. Usiichanganye na dawa nyingine ya chooni. Na ndoo yake iweke kivulini, kwa sababu jua hilo hilo linaivunja klorini. Mimi nilikuwa naianika ndoo pamoja na matambara, nikishangaa kwa nini harufu imekata.

Hatua ya 3: Godoro. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Ili wafe, kunguni na mayai yake wanataka nyuzi 50 hivi, kwa zaidi ya saa moja, kila kona. Uso wa godoro unaweza kupata moto juani, ila sponji haipitishi joto, hivyo katikati na chini panabaki baridi na wao wanahamia huko huko. Fanya hivi:

Vua mashuka, foronya na mapazia, yatumbukize kwenye maji ya moto yasiyoshikika kwa mkono, kisha piga pasi ukikazia mishono. Fungua kitanda chote. Mimina maji yanayotokota kwenye viungo, matundu ya skrubu na ncha za chaga. Huko ndiko kwao. Pitia mishono ya godoro kwa brashi ngumu juu ya beseni la maji ya sabuni. Rudia baada ya wiki mbili, halafu tena, maana kwenye baridi yetu mayai yanachelewa kuanguliwa. Wakizidi, muone bwana afya kuhusu dawa ya kupuliza.

Jamaa wa Makete hunishauri niliache godoro nje usiku lipigwe na sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku. Wapi! Kunguni anataka baridi ya friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa siku kadhaa.

Hatua ya 4: Maji ya kunywa. Jua linaweza, kwa masharti. Chukua chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, toa lebo, jaza maji, funga. Isimamishe juu ya gazeti na uchungulie kupitia mdomoni: usipoweza kusoma kichwa cha habari, maji yana tope, yachuje kwanza. Ilaze juu ya bati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wingu likifunika zaidi ya nusu ya anga, acha siku 2 mfululizo. Mvua za Tukuyu mwezi wa nne? Chemsha tu. Na kama kisima kiko chini ya shamba la viazi linalopigwa dawa, jua haliondoi dawa hiyo, wala kuchemsha hakuiondoi.

Wageni wangu nawachemshia. Mjini hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na zinatosha: yaache yatokote dakika 1, ila ukiwa kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, dakika 3. Sina maneno ya kumweleza mgeni kwa nini chupa yake imeshinda juu ya paa.

Chumba namba nne kilitulia wiki ya tano. Godoro lake bado nalitoa uani kila Jumamosi, kwa ajili ya unyevu na harufu.