Kabla mtoto hajaingia darasa la kwanza: mambo ya kuzingatia, na lile nililolipuuza mimi

Shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi tunakimbilia kununua. Sare, begi, madaftari, penseli dazeni nzima. Nunua, sikukatazi, ila kitu cha kununua ukikisahau leo utakinunua kesho. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ukiyasahau unakuja kugutuka muhula umekwisha na mtoto ameshapewa jina: mzito, mtundu, hasikilizi.

Usingizi kwanza. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo kama ataamshwa saa kumi na mbili asubuhi, piga hesabu mwenyewe alale saa ngapi. Usisubiri usiku wa kuamkia shule ndipo uanze kumlaza mapema. Anza wiki 2 kabla, ukivuta muda wa kulala kidogo kidogo.

Choo. Afungue na kufunga mwenyewe kifungo, zipu na mkanda, ajisafishe, anawe mikono kwa sabuni. Kama mkanda wa suruali mpya ni mgumu kiasi kwamba hata wewe unauvuta kwa nguvu, usimvalishe. Na mfundishe kuomba. "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Aiseme kwa sauti, mbele ya mtu asiyemzoea, mara nyingi, mpaka aone ni jambo la kawaida. Watoto wengi wanaojikojolea darasani wanajua choo kilipo. Wanachoogopa ni kunyoosha mkono na kusema.

Jina. Kuna watoto wanaitwa majina ya utani tangu wazaliwe, siku ya kwanza mwalimu anaita lile la kwenye daftari la mahudhurio na hakuna anayeitika. Mzoeze kuitwa jina lake lote, na awajue kwa majina wazazi wake, siyo "mama" na "baba" tu.

Sasa masomo yenyewe, maana wazazi wengi hatujui huko ndani kunafanyika nini, tukidhani wanaimba na kurudi nyumbani. Kuimba kupo, michezo ipo, lakini mwaka ule ndio mtoto anapojengewa kusoma, kuandika na kuhesabu, na kila kimoja kina mtego wake.

Kusoma. Kama mtoto hajui herufi hata moja, usipanike, atafundishwa. Ila kama umeamua kumwanzishia nyumbani, mfundishe sauti ya herufi kabla ya jina la herufi. Mtoto aliyekaririshwa kwamba hii inaitwa "em" na ile "a" akikutana na neno "mama" atasoma "emaema", na hana kosa, anasoma alichofundishwa. Darasani wanaanza na irabu zile tano, kisha wanaunganisha: ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili kina neema hapa kwa sababu kinaandikwa kinavyotamkwa, na silabi nyingi zinaishia na irabu. Mtoto akishashika mpangilio huo, maneno yanafunguka kwa haraka inayoshangaza. Kinachokuja kumsumbua baadaye ni herufi zilizoungana, sh, ch, ny, dh, na hasa tofauti ya ng na ng'. Hayo mwachie mwalimu. Wewe msomee hadithi kila siku, kidole chako kikifuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia, ajue maneno yanatoka kwenye yale maandishi na siyo kwenye picha. Na uangalie: kuna mtoto anayefungua kitabu na "kusoma" ukurasa mzima bila kukosea, kumbe amekikariri. Funika picha, mwonyeshe neno moja la katikati, utajua.

Kuandika kunahitaji vidole kabla ya kuhitaji akili. Mtoto ambaye hajawahi kukata karatasi kwa mkasi, kufinyanga udongo wala kutunga shanga atachoka mkono baada ya mistari 2, na utaambiwa ni mvivu. Mpe kazi za vidole. Penseli ishikwe kwa vidole vitatu, siyo ngumi. Akiandika b mahali pa d, au 3 ikageukia upande mwingine, msahihishe kwa upole na uendelee, ni kawaida kwa watoto wa umri huu na wengi huacha wenyewe wakifika miaka 7 au 8. Na anayetumia mkono wa kushoto muache. Takriban mtu mmoja kati ya kumi duniani ni wa kushoto. Mwambie mwalimu amkalishe upande wa kushoto wa dawati asigongane kiwiko na mwenzake, basi.

Kuhesabu. Kutaja namba mpaka 100 bila kusimama siyo kuhesabu, ni wimbo. Mwagia vizibo 8 mezani umwambie ahesabu. Je, anagusa kimoja anataja namba moja, au kidole kinakwenda huku na mdomo unakwenda kule? Akimaliza, muulize: "Vipo vingapi?" Akianza kuhesabu upya kutoka moja, bado hajajua kwamba ile namba ya mwisho ndiyo jibu. Kisha vitawanye mbele yake uulize tena. Wengi watasema vimeongezeka kwa kuwa vimechukua nafasi kubwa. Usicheke wala usimkosoe kwa ukali, akili ya mtoto inapita hapo na kuvuka yenyewe, wengi wakiwa na miaka 6 au 7. Darasani watajumlisha na kutoa namba ndogo kwa vijiti na vizibo, kisha waanze makumi na mamoja. Utamwona anakwenda vizuri kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa, maana majina hayo yanajieleza yenyewe: kumi, na tatu. Akifika ishirini na tisa anakwama. Thelathini halimwambii kwamba ni kumi tatu. Mpe vijiti, afunge mafungu ya kumi kumi, aone kwa macho.

Macho, sasa. Yapimwe kabla ya shule, usisubiri alalamike. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni, anadhani kila mtu anauona ubao ukiwa na ukungu.

Masikio. Hapa niacheni niseme kwa urefu, maana hapa ndipo nilipoungua.

Mwanangu wa pili aliingia darasa la kwanza ameiva, kwa mtazamo wangu. Irabu anazijua, vizibo anahesabu, jina lake anaandika. Wiki ya tano hivi daftari la imla likaanza kurudi nyumbani jekundu. Imla, kwa aliyesahau, ni pale mwalimu anapotamka neno na watoto wanaliandika bila kuliona. Ukurasa mmoja nimeuhifadhi mpaka leo. Mwalimu alitaja maneno 5: taa, saa, kaa, paa, faa. Mwanangu ameandika: taa, aa, taa, taa, aa. Nikamwekea kidole pale kwenye "aa" nikamuuliza hili ni neno gani. Akanyamaza, akawa anakwangua ukingo wa meza kwa ukucha.

Nikaona ni uzembe. Pembeni ya ukurasa mwalimu naye alikuwa ameandika: "Hasikilizi." Na nyumbani tulikuwa na usemi wetu juu yake, kwamba huyu anasikia akitaka. Basi kila jioni nikawa namkalisha mezani, namsomea maneno, akikosea namfokea. Na kufoka kukawa kunaleta matunda! Nikisema taratibu anakosea, nikipandisha sauti anapata. Nikaamini kabisa kwamba nimepata dawa yake, kwamba huyu ni mtoto wa kuendeshwa kwa ukali. Miezi 2 nilimfokea mtoto yule, naona alama zinapanda, najiona mzazi hodari.

Jioni moja nilikuwa nakunja nguo kitandani, yeye amekaa nyuma yangu na daftari. Nikawa namtajia maneno huku nimempa mgongo. Maneno 10, akapata 2. Nikageuka na hasira zangu, nikayarudia yale yale, safari hii nikimtazama. Akapata 8. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimuulize kwa nini ananifanyia mchezo, ndipo nikaona anatazama wapi. Hakuwa ananitazama machoni. Alikuwa anatazama midomo yangu.

Daktari alichungulia masikio, akapima, akasema kuna majimaji mazito nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Akanieleza kwamba ni jambo la kawaida mno kwa watoto wadogo, hasa wanaoandamwa na mafua. Kuna mrija mwembamba unaotoka sikio la kati kwenda nyuma ya pua. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo majimaji yanakwama. Usaha hautoki, maumivu mara nyingi hakuna, na kwa sababu hiyo hakuna anayeshtuka. Mtoto hawi kiziwi. Anasikia kama wewe ukiziba masikio kwa viganja: irabu zinapita, lakini sauti nyepesi kama s, f, k, p na t zinafifia au zinapotea kabisa. Ndiyo ile "aa" ya kwenye daftari. Mtoto aliandika kwa uaminifu kile kilichomfikia. Tena hali yenyewe inakuja na kuondoka, wiki hii anasikia, wiki ijayo hasikii, na sisi tukasema anasikia akitaka.

Kwa watoto wengi majimaji huisha yenyewe ndani ya miezi 3. Yakikawia, daktari huendelea kufuatilia, na baadhi huwekewa vijirija vidogo kwenye ngoma ya sikio. Ya mwanangu yaliisha bila kuwekewa chochote. Alihamishiwa dawati la mbele, na mwalimu, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akaacha kutamka maneno huku uso wake umeelekea ubaoni. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anasoma sawa na wenzake.

Kusikia kulirudi. Ila sasa yuko darasa la nne, na nikipandisha sauti kidogo tu, hata kumwita kutoka chumba cha pili aje kula, anasimama wima na kusema "samahani" kabla hajajua anaitiwa nini. Hilo sijapata daktari wake.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii. Simama nyuma ya mtoto, karibu kiasi cha urefu wa mkono, asione midomo yako. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole. Mnong'oneze maneno mafupi anayoyajua, moja moja, ayarudie. Badilisha sikio. Tumia maneno yanayofanana, kata na pata, saa na taa, maana kwenye sentensi ndefu atabahatisha kwa kufuata maana. Akikosa kosa, mpeleke kwenye kipimo halisi. Hata akipata yote, kama anaongeza sauti ya televisheni, anajibu "nini?" kila mara, anageuza kichwa upande mmoja ukimsemesha, au amekuwa na mafua ya mfululizo, mpeleke vilevile. Na urudie tena katikati ya mwaka, kwa sababu sikio lililo salama mwezi wa kwanza linaweza kujaa mwezi wa tano.

Mengine kwa haraka. Kama ana pumu, kifafa, au kuna chakula kinachomdhuru, mwambie mwalimu ana kwa ana na umpe kwa maandishi pia. Karibu na miaka 6 magego ya kwanza ya ukubwani huota nyuma kabisa ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi wanayaachia yaoze wakidhani yatang'oka. Usidhani, yapigwe mswaki. Begi lisimvute mabega nyuma. Toa vitu ambavyo siku hiyo havihitajiki. Chupa ya maji iwe anayoweza kuifungua mwenyewe. Kazi ya nyumbani asiifanye dada yake, usiifanye wewe. Mwalimu anahitaji kuona anapokosea, na ukimrekebishia kila kitu usiku unamficha mtoto wako. Akija na neno "sijui kusoma" usimtajie mtoto wa jirani.

Andika jina lake kwenye kila kitu, hata sweta, hata kifuniko cha chupa. Mjue atakayemchukua siku ambayo wewe huwezi, mtoto amjue mtu huyo kwa uso, na mwalimu awe na namba zenu mbili, moja isipopatikana ipigwe nyingine. Siku ya kwanza usimwambie utamsubiri dirishani halafu ukaondoka. Mwambie unaondoka, mwambie utarudi kengele ya mwisho ikilia, na uwe pale getini kabla haijalia.