Kumtafutia nyumba sungura wa maabara, Tanga

Maabara zinazofuga mbu hutumia sungura kuwalisha mbu jike damu. Muda wake ukiisha si lazima auawe, lakini si kila sungura atolewe. Aliyepewa dawa ya majaribio, aliyeambukizwa vimelea au aliyebadilishwa vinasaba hafai kwenda kwa mtu. Waliobaki wapimwe na daktari wa mifugo: uzito, meno, ukurutu wa masikio, ngozi iliyokuwa ikiumwa na mbu. Kibali cha taasisi kiwe cha maandishi, tena kabla hamjamwahidi mtu yeyote.

Dume ahasiwe, kisha akae mbali na majike wiki 4 hadi 6, kwa kuwa mbegu hubaki mwilini. Asishindishwe njaa kabla ya upasuaji: sungura hatapiki, na utumbo wake ukisimama anakufa. Amoksilini ya kumeza asipewe kabisa. Huvuruga bakteria wa utumbo na kuleta kuhara kunakoua.

Kwa Tanga, adui mkubwa ni joto. Alizoea chumba chenye hewa ya kupozwa, na kaskazi ya Januari hadi Machi huvuka nyuzi 30. Banda la bati ni tanuri. Ezeka makuti, liweke chini ya mwembe, upepo upite pande mbili, na mchana tia chupa ya maji yaliyogandishwa, imeviringishwa kitambaa. Akihema mdomo wazi, mloweshe masikio kwa maji ya kawaida (ya barafu yatamshtua) na daktari aitwe. Sakafu isiwe ya waya mtupu, humtoa vidonda vya nyayo. Siafu nao huingia usiku, kwa hiyo miguu ya banda isimame ndani ya makopo ya oili chafu.

Kosa la wengi ni kumkaribisha kwa rundo la mchicha. Tumbo lililozoea chakula cha vidonge hulegea. Maabara itoe kilo 1 ya chakula kilekile, gramu 75 kwa siku kwa sungura wa kilo 3. Nyasi kavu ziwepo wakati wote. Majani mabichi yaanze kiganja kimoja, yaongezwe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Kisamvu kibichi kina sianidi, na majani ya mparachichi ni sumu.

Mwulizeni waziwazi anayemchukua kama anamtaka awe kitoweo. Mkataba useme hachinjwi, hauzwi, akishindikana anarudishwa. Siku ya tatu mpigieni simu mwenyeji na kumuuliza habari za kinyesi: sungura asiyekula wala kunya kwa saa 12 apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.