Kupima kazi ya kuvu mtoni kwa mizani ya jikoni

Huku Lushoto, asubuhi za Julai maji ya mto yanauma vidole. Kila mwaka wanafunzi wangu hushikilia kwamba kwenye ubaridi ule hakuna kinachooza. Siwabishii kwa maneno, tunafunga mifuko ya majani na kuizamisha mtoni.

Okota majani yaliyoanguka yenyewe: ya mkuyu, na ya mkaratusi. Yaanike barazani mpaka yakauke kabisa, kisha pima gramu 5 kwa kila mfuko. Mifuko iwe ya aina mbili. Wavu wa vitunguu huwaachia kaa na mabuu ya wadudu nafasi ya kuingia kutafuna. Kitambaa cha pazia la neti huwazuia, kazi ikabaki kwa kuvu na bakteria, wasioonekana kwa macho. Chandarua usiguse! Mwaka wa kwanza nilikata kikuukuu cha nyumbani, nikasahau kwamba kina dawa, na dawa ile huua wadudu wa majini. Tukaanza upya.

Namba ichonge kwenye kipande cha kopo la plastiki, uitie ndani. Funga mifuko kwenye mawe kwa kamba ya manila.

Mfuko wa kwanza utoe baada ya siku 2. Uzito utakuwa umeshuka, na darasa litashangilia mapema. Hapo ni rangi na sukari tu zimeyeyuka, kama majani ya chai kwenye birika. Anza kuhesabu kutoka uzito huo. Mingine itoe siku ya 14, 28 na 56. Suuza matope taratibu, anika vilevile, pima.

Kufikia wiki ya nne, shika jani la mkuyu. Linateleza, limelegea. Kuvu imepenyeza nyuzi ndani na kumwaga vimeng'enya vinavyovunja selulosi, ile inayolipa jani ugumu. Bakteria hushamiri zaidi baadaye, jani likishavunjikavunjika. La mkaratusi, lenye nta na mafuta, huwa bado gumu. (Hapo huzuka ubishi kuhusu mikaratusi iliyopandwa kando ya mito, nami huuacha uendelee.)

Ukiwa na hadubini, chota povu chini ya maporomoko, maana povu hunasa spora, yaani chembe za uzazi za kuvu. Kuza mara 100 hadi 400. Nyingi zina mikono minne, kama mbigili, na kwa umbo hilo hunasa kwenye jani hata maji yakienda kasi. Mtaalamu wa kuvu C. T. Ingold alizieleza mwaka 1942 kutoka kijito cha Uingereza. Kuvu hizi hupenda maji safi yenye hewa, na hutoa spora hata maji yakikaribia kuganda. Baridi huzichelewesha tu, kwa hiyo andika jotoridi la maji kila unapotoa mfuko, la sivyo hutaweza kulinganisha Julai na Februari.