Kufunga kikuba kinachonukia mpaka alfajiri

Kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani ya kunukia, kinachovaliwa kifuani au kwenye nywele. Vikuba vingi vya harusini hunyauka kabla bwana harusi hajafika. Kasoro haiko kwenye maua. Iko kwenye saa ya kuyachuma, na kwenye maji anayonyunyizia mtu akidhani anayahifadhi. Nafunga hivi nilivyofundishwa na bibi yangu.

Kwa kikuba kimoja tafuta vitumba 40 hivi vya asumini, vishada vitatu vya rehani, kipande cha ua la mkadi, waridi moja, sindano nyembamba na uzi wa pamba. Ukijaaliwa kupata kilua, usikiache. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, na mwaka 1970 ulipoingizwa kwenye vitabu vya sayansi ulipewa jina lilelile tunaloliita sisi: Mkilua fragrans. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa wanawake waliokuwa wakiuchuma tangu zamani.

Hatua ya 1. Chuma asumini saa kumi na moja jioni, ikiwa bado imefumba. Hufunguka usiku, na hapo ndipo harufu inapotoka. Ya asubuhi imeshamaliza kazi yake. Usiioshe, kama ina vumbi, ipulize tu.

Hatua ya 2. Kata vilele vya rehani, urefu wa kidole, pamoja na maua yake. Rehani ndiyo uti wa mgongo wa kikuba, nami siwezi kuikata bila kukumbuka kwamba imetajwa katika Surat Ar-Rahman. Mtume (s.a.w.) naye alisema anayepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Ndiyo maana bibi hakuvumilia mtu arudishe hata kijitawi alichopewa. Isugue kidogo sana kati ya viganja. Ukiiponda itakuwa nyeusi.

Hatua ya 3. Chana mkadi vipande vyembamba. Jihadhari na miiba ya majani yake.

Hatua ya 4. Tunga asumini kwa sindano, ukipitisha kwenye vikonyo, si kwenye ua. Weka rehani katikati, zungushia mkadi, petali za waridi na kilua, kisha zungusha ule uzi wa asumini kwa nje mpaka rehani isionekane ila ncha. Funga kwa nguvu ya wastani. Ukikaza mno, petali hupata michubuko na usiku haujafika zimekuwa za kahawia.

Hatua ya 5. Tia matone mawili ya marashi ya waridi, basi. Manukato ya dukani yenye spiriti huunguza maua.

Kikuba kikunje ndani ya jani la mgomba, ukiweke mahali pa baridi mpaka saa ya kuvaa. Kipachike kwa pini kifuani au kwenye nywele. Asubuhi usikitupe: kifumue, kianike kivulini, kisha kitie katikati ya kanga zako kabatini.