Kushusha muda wa mzunguko: jinsi ya kuliandaa gari lililoboreshwa kwa siku ya saketi

Mwenye gari lililoboreshwa kwa kawaida hutamani kuanzia kwenye injini: tabo kubwa zaidi, egzosi pana, programu mpya ya kompyuta ya injini. Mimi nakushauri uanze upande wa pili kabisa. Kwa dereva wa ridhaa, sekunde nyingi zimelala kwenye breki, matairi na mikono ya dereva mwenyewe. Nguvu za farasi zinakuja mwisho. Hatua hizi nimezipanga kwa namna kazi inavyofuatana, kwa sababu ukiruka moja, vipimo vya inayofuata havitakuwa na maana.

Kabla ya kushika spana, soma kanuni za mwandaaji. Siku ya wazi ya saketi, yaani siku ambayo kila mwenye gari anaweza kuliendesha kwenye njia ya mashindano, yenyewe si mashindano, na kuna mahali ambapo kupima muda kumekatazwa kabisa. Nordschleife ya Nürburgring, saketi ya Ujerumani yenye urefu wa kilomita 20.8, ni mfano unaojulikana: siku za wageni kujipima muda ni marufuku. Penye katazo, endesha kwa kujifunza njia tu, na kazi ya kupima uipeleke kwenye saketi inayoruhusu.

Hatua ya 1: Breki

Chukua gari la kilo 1,200 linalofika mwisho wa njia iliyonyooka likiwa kwenye kilomita 180 kwa saa, kisha linapunguzwa hadi 90 ili liingie kona. Mwendo umepungua nusu, lakini nishati iliyoondolewa ni robo tatu ya ile ambayo gari lilikuwa nayo. Yote imegeuka joto kwenye diski na pedi, na dakika moja baadaye unalirudia jambo hilohilo. Barabarani breki hazipati adhabu kama hiyo hata siku moja.

Anza na mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Daraja za mafuta haya huandikwa DOT na namba. Kiwango cha chini cha DOT 4 ni kuchemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishaingia unyevu hushuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa hiyo mafuta mapya ya DOT 4 ni bora kuliko ya gharama yaliyokaa miaka miwili kwenye gari. Yabadilishe, toa upepo kwenye magurudumu yote manne, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haipatani na hayo mengine.

Kisha pedi. Za kawaida hupoteza uwezo zikipata joto la saketi, hivyo weka zilizotengenezwa kwa joto la juu na uzizoeshe na diski: punguza mwendo mara kadhaa kutoka kasi ya wastani bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Usisimame huku umekanyaga pedali zikiwa za moto.

Jifunze kutofautisha dalili mbili, maana dawa zake ni tofauti. Pedali ikilainika na kuzama kuelekea sakafuni, mafuta yamechemka na kuna mvuke kwenye mabomba. Pedali ikibaki ngumu lakini gari halisimami, ni pedi zilizozidiwa na joto. Vyovyote iwavyo, punguza mwendo, ingia piti, yaani eneo la kusimama pembeni mwa njia, na usirudi hadi ujue sababu.

Hatua ya 2: Kagua vilivyolegea

Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na uzirudie baada ya awamu ya kwanza (kila zamu ya kuingia njiani) magurudumu yakishapoa. Toa kila kitu ndani ya gari, pamoja na kapeti la dereva. Jaza mafuta ya injini hadi alama ya juu, usiivuke. Kwenye kona ndefu mafuta hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la mafuta chini ya injini), na pampu ikivuta hewa badala ya mafuta, beringi za injini huharibika kwa sekunde chache tu.

Hatua ya 3: Pata muda wa msingi

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Wanatoka na mzunguko mmoja mzuri na kuuita muda wa gari.

Simu nyingi husoma mahali ilipo mara moja kwa sekunde. Kwenye kilomita 180 kwa saa gari linakwenda mita 50 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya alama moja na nyingine kuna mita 50 ambazo simu inakisia. Kifaa kinachosoma mara 10 kwa sekunde hupunguza pengo hilo hadi mita 5. Kama unataka kujua ulianza kufunga breki wapi, tumia hicho.

Awamu ya kwanza iache iwe ya kupasha joto na kuizoea njia. Ya pili, endesha kwa juhudi unayoweza kuirudia, si ile ya kubahatisha. Futa mizunguko uliyozuiwa na magari mengine, panga iliyobaki kutoka wa haraka hadi wa polepole, uchukue wa katikati. Huo ndio muda wako wa msingi. Andika pia joto la hewa na saa: hewa ikipanda nyuzi 10 uzito wake hupungua kwa karibu asilimia 3, na injini isiyo na tabo huhisi hilo moja kwa moja. Muda wa asubuhi na wa saa nane mchana usiulinganishe kana kwamba ni wa gari lilelile.

Mwachano kati ya mizunguko yako nao una habari. Kama inapishana kwa sekunde mbili, badiliko la shokapu linalokupa sehemu tatu za kumi hutaliona kamwe. Endesha kwanza hadi mwachano upungue, ndipo uguse gari.

Hatua ya 4: Presha ya matairi

Hili ndilo rekebisho lisilogharimu kitu, na kwangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Presha inayohesabika ni ya tairi la moto. Kwa kila nyuzi 6 hivi tairi linapopata joto, presha hupanda kwa psi 1 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), hivyo tairi linalotoka nyuzi 20 hadi 60 limeongeza karibu psi 7. Ukijaza kwa kipimo cha barabarani, mzunguko wa tatu utakuta gari linaelea.

Kwa matairi ya barabarani, kuanzia psi 32 hadi 36 yakiwa moto ni eneo zuri la kuanzia. Yale yenye mpira laini ya saketi yafuate maelekezo ya mtengenezaji. Ingia piti bila mzunguko wa kupooza, pima yote manne papo hapo, toa upepo hadi ufikie lengo, kisha rudi.

Hutakuta manne yakilingana. Kwenye saketi inayozunguka kwa mwendo wa saa kona za kulia ndizo nyingi, na matairi ya kushoto ndiyo yanayobeba gari. Yatapata joto zaidi. Kesho yake yaanze na presha ya chini kidogo yakiwa baridi, ili manne yakutane kwenye lengo yakishapata moto.

Kuna na ushahidi wa macho. Chora mistari ya chaki kutoka kwenye meno ya tairi hadi ubavuni, uzunguke mara tatu au nne, uangalie ilipofutika. Matairi mengi yana alama ndogo ya pembetatu kwenye bega. Chaki ikifutika hadi hapo, tairi linafanya kazi sawasawa. Ikifutika kupita hapo, tairi linajikunja na linahitaji presha zaidi au mlalo zaidi. Ikibaki nzima mbali na pembetatu, umejaza kupita kiasi.

Hatua ya 5: Mlalo wa matairi

Gari likilala kwenye kona, tairi la nje linasimamia ukingo wake. Ndiyo sababu tunalilaza kuelekea ndani tangu mwanzo, yaani mlalo hasi, ambao mafundi huuita kemba. Magari mengi hutoka kiwandani na nyuzi 0 hadi 1 za mlalo huo mbele. Kwa saketi, magari yenye shokapu za MacPherson (aina ambayo shokapu na springi ni kitu kimoja) mara nyingi hupenda kati ya 2.5 na 3.5.

Usikisie. Tumia kipimajoto cha sindano kwenye sehemu tatu za tairi, ndani, katikati na nje, mara tu unapoingia piti. Cha mwanga kinasoma uso tu, na uso hupoa upesi. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, ongeza mlalo. Katikati kukizidi pande zote, punguza presha. Ndani kukizidi nje kwa nyuzi chache, acha kama kulivyo.

Kila ukigusa mlalo, mwelekeo wa matairi nao umebadilika, kwa hiyo rudi kwenye alaimenti. Na usilishushe gari hadi mikono ya chini ya shokapu ielekee juu. Linapendeza likiwa limesimama, ila kwenye kona litalala zaidi kuliko ulivyotarajia.

Hatua ya 6: Mizani

Jiulize gari linakataa wapi: kuingia kona, katikati, au kutoka? Pua ikikimbilia nje wakati wa kuingia tu, mara nyingi umeingia na kasi kubwa au umeachia breki ghafla. Lakini ikikimbia katikati, usukani ukiwa umetulia, hilo ni la gari. Lainisha stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) ya mbele au kaza ya nyuma. Magari yanayovutwa na matairi ya mbele hupenda sana hilo la pili. Mkia ukitupa, fanya kinyume chake.

Badilisha kitu kimoja kwa awamu moja. Shokapu za kurekebishwa zihesabiwe kliki kutoka zilipofungwa kabisa, na ziandikwe. Jaribio lisipoleta tofauti, rudisha kama ilivyokuwa kabla ya kujaribu lingine.

Hatua ya 7: Kona inayofuatwa na njia ndefu

Itafute kwenye ramani ya saketi, kwa sababu hiyo ndiyo yenye muda mwingi. Kwenye mita 300, wastani wa kilomita 120 kwa saa huchukua sekunde 9.0, na 123 huchukua 8.78. Kilomita 3 kwa saa za ziada kutokana na kutoka vizuri kwenye kona zimekupa zaidi ya sehemu mbili za kumi. Ingia polepole kidogo, ligeuze gari mapema, ukanyage mafuta mara moja bila kuyaachia tena. Ukilazimika kuachia, ulikanyaga kabla ya wakati.

Hatua ya 8: Sasa injini

Kama breki zinastahimili awamu nzima na mizunguko yako inafanana, ongeza nguvu. Tanguliza upoozaji: rejeta na kipoozi cha mafuta kabla ya kuongeza presha ya tabo. Mafuta ya injini yakipita nyuzi 130, endesha polepole hadi yashuke.

Kumaliza siku

Mzunguko wa mwisho uwe wa kupooza, bila kugusa breki ila inapobidi. Ukiegesha, weka gia na kigingi kwenye gurudumu. Usivute breki ya mkono, maana pedi za moto zikibanwa kwenye diski zitaacha alama na gari litatetemeka kila ukifunga breki. Matairi yakishapoa kabisa, yajaze hadi presha ya barabarani, kagua unene wa pedi, kaza nati kwa mara nyingine, ndipo uondoke.