Mbwa ndani ya parseli: niliyojifunza Goma kwa kulipa

Mbwa wangu anaitwa Watasema. Jina hilo alipewa na marehemu mume wangu enzi za ugomvi wa mpaka na jirani, kwa sababu huku kwetu jina la mbwa ni barua isiyopita posta: ukimwita usiku kwa sauti, aliyeandikiwa anaipata akiwa kitandani. Jirani alishauza akahama. Mbwa amebaki na jina lake, na kweli wamesema, maana alimng'ata mtoto wa watu.

Nitafika huko. Mimi ni mshonaji wa Kyeshero, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, si veterineri, yaani daktari wa mifugo. Ninamwandikia mtu anayetaka kufuga mbwa katika mji huu ambako nyumba za mbao zimebanana, parseli moja, yaani kiwanja kimoja, inakaliwa na familia nne, na bomba likikauka mtaa mzima unapita na bidoni, madumu ya maji, mlangoni mwako. Kijijini mbwa ana uwanja wake. Hapa uwanja wake ni miguu ya jirani.

Kabla hujamleta

Jiulize unamtaka wa nini. Wengi tunasema wezi. Sawa, lakini kazi ya mbwa wa ulinzi ni kubweka mgeni akiwa bado nje ya geti, ili wewe au zamu wako, yule mlinzi wa usiku, muamke. Akishang'ata, hasara ni yako. Kuna watu wanamfunga mnyororo wa mita moja kutwa nzima na kumtilia pilipili kwenye chakula, ati awe mkali. Pilipili inamchoma tumbo, basi. Mnyororo nao unamtia woga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma bila kubweka.

Usikubali kitoto kinachouzwa ndani ya katoni kabla hakijafikisha wiki nane. Muuzaji atakuapia kwamba kinakula bugali. Kula bugali ni kitu kingine. Katika wiki zile, akicheza na ndugu zake, ndipo anapojifunza kupima meno: akimuuma mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakufa. Aliyekosa somo hilo utamfundisha wewe, kwa mikono yako mwenyewe.

Halafu ukuta. Kuta zetu nyingi ni mawe ya volkano yaliyopangwa bila simenti, na mvua kubwa ikipiga yanaporomoka. Piga magoti uuzunguke wote ukiwa kimo cha mbwa. Tundu linalopitisha kichwa chake linapitisha na mwili. Mimi nilifanya hivyo kesho yake baada ya ajali, nikakuta mashimo manne. Na Watasema hakupita hata moja. Alipita getini, kwa sababu nilikuwa nimelizuia geti kwa jiwe lisijifunge, nipate kuingiza bidoni.

Asubuhi ile

Mtoto alikuwa na miaka saba hivi, ametumwa mandazi, franka amezikunja mkononi. Alipomwona mbwa akakimbia, na mbwa hufuata kinachokimbia. Meno mawili nyuma ya mguu, chini ya goti. Matundu mawili madogo, damu kidogo. Hiyo damu kidogo ndiyo inayodanganya watu, wanafuta kwa kitambaa na kumtuma mtoto shuleni.

Bibi mmoja alifika mbio na jiwe jeusi, lile wanaloweka penye sumu ya nyoka. Mwingine akataka tukate manyoya ya mbwa, tuyachome, tupake majivu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, sabuni kwanza." Tukamketisha mtoto kizingitini, mdogo wangu akawa anamimina maji kwa kikombe pole pole, mimi nasugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Dakika 15, kwa saa ya simu. Bidoni nzima ikaisha, na wiki hiyo maji tulikuwa tunayanunua. Dakika 15 ni ndefu mno mtoto akiwa analia na watu wamekuzunguka wanakuambia inatosha. Usiache. Virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa kwenye mate, na sabuni na maji yanayotiririka vinaviharibu na kuviondoa pale kidondani kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Baada ya hapo paka iodini, wala usifunge kwa kukaza.

Kisha motari, dereva wa pikipiki, mama wa mtoto na mtoto nyuma yake, mimi kwenye pikipiki nyingine. Kituo cha afya cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa nayo. Ujue mapema kwamba haiishi kwa sindano moja: siku ya kwanza inahesabiwa sifuri, halafu siku ya 3, ya 7, na zaidi kadiri daktari atakavyopanga. Kidonda kibaya, hasa cha usoni au kichwani, huongezewa dawa nyingine ya kinga inayodungwa pale pale kwenye jeraha. Nani analipa? Mwenye mbwa. Nililipa sindano, nililipa nauli, zikanimalizia malipo ya nusu ya nguo za harusi niliyokuwa nashona. Usingoje shefu wa nyumba kumi aje kukukumbusha. Nenda mwenyewe jioni ile ile, ukiwa na kilo ya sukari, ukae kwenye kiti utakachopewa, usikilize utakachoambiwa. Mimi niliambiwa mengi.

Vijana nao walikuwa wamekuja na fimbo wamuue. Nikakataa, na si kwa mapenzi peke yake. Mbwa ambaye mate yake tayari yanaambukiza kichaa hamalizi siku 10 bila kuonekana mgonjwa au kufa. Ukimuua na kumtupa, umeua shahidi. Nilimfunga uani, pasipofika mtu, nikawa nachora mstari kila asubuhi kwa chaki yangu ya kushonea kwenye ubao wa ukuta. Baba wa mtoto alipita kila siku kuihesabu mistari na kutazama kama mbwa anakunywa maji. Hatukuwa tunasemeshana. Mstari wa kumi ulipochorwa, Watasema alikuwa anapigania bakuli kama kawaida yake, na baba yule akasema neno moja, "Haya," akaenda zake. Habari ya sindano zilizobaki aliamua daktari, sisi hatukuingilia.

Kijitabu kabatini

Sasa aibu yangu. Watasema alikuwa amechanjwa, ila mara moja tu. Kijitabu kilikuwa kabatini chini ya vitambaa, na tarehe ya kurudia ilikuwa imepita miezi mitano. Chanjo ya kichaa hudungwa mbwa akifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kulingana na aina ya chanjo, veterineri atakuandikia. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na kwa watu wengi sana unatoka kwa mbwa. Kinga yake ni ya tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomtibu Joseph Meister kule Paris, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa. Mimi ninaipoteza chini ya vitambaa! Siku hizi tarehe yake imo kwenye simu, pamoja na tarehe za wateja. Kama wewe ni wa kusahau, shika Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ukague kijitabu kila mwaka siku hiyo.

Kuna na parvo, inayoua vitoto kwa kuhara damu. Chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka kitoto kifike miezi minne hivi. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Jike anapata joto karibu mara mbili kwa mwaka, anabeba mimba siku 63 hivi, na akiwa kwenye joto utakuta madume ya avenyu nzima yamelala getini kwako. Mhasi, na dume vilevile. Vitoto saba utawapa nani?

Chakula kifupi: bugali na masalio ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kutoka soko la Kituku yanatosha kwa siku nyingi, pamoja na maji safi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika kama sindano. Kitunguu hapana, chokoleti hapana. Na umzoeze kutookota kitu chini wala kupokea kwa mgeni, kwa sababu mwizi anayejua kazi yake hutanguliza nyama yenye sumu ya panya.

Kinyesi, kelele na mzee wa parseli ya nyuma

Mahali pengine wanakuambia chimba shimo ufukie. Chimba wapi? Parseli ya Goma ni mwamba, sululu inatoa cheche. Kinyesi ukikiacha, mvua inakibeba hadi kwa jirani wa chini, kisha ziwani, ambako kuna watu wanachota. Mimi nakizoa kila asubuhi kwa koleo bovu lenye majivu ya jikoni, nakitia kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, kinaenda na taka. Ukimtembeza nje, beba karatasi yako. Watoto watacheka. Waache.

Mzee wa parseli ya nyuma ni Mwislamu, anatoka alfajiri kwenda msikitini. Mate ya mbwa yakimgusa kanzu, inabidi arudi aoshe. Alinieleza kwa upole kwamba chombo kilichorambwa na mbwa wanakiosha mara saba, moja kwa udongo, kisha akacheka: "Na wewe, Mama, niambie, udongo Goma nitautoa wapi?" Tangu siku hiyo mbwa yuko ndani kabla ya adhana. Ulizia saa za jirani zako kabla hawajaja kukuambia. Muuguzi anayelala mchana kwa sababu ya zamu za usiku, mama aliyejifungua, wote wana haki ya kutosikia mbwa wako. Na mbwa anayebweka kutwa mara nyingi amechoka kukaa bure. Nusu saa ya kutembea asubuhi inamnyamazisha kuliko fimbo. Ila angalia nyayo zake, mawe yetu yanakata kama chupa.

Mazuku

Hili halimo kwenye maelekezo ya miji mingine. Upande wa magharibi, kuelekea Bulengo na barabara ya Sake, ardhi inatoa hewa tunayoiita mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa tunayovuta, haina rangi, na pua hazikuambii kitu. Inatulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Jua likipanda na upepo ukianza, inapungua. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu ya ile hewa, huku mbwa anayenusa chini akiwa ameshazama. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Ndani ya mazuku hakuna ufuko wa kuona.

Kwa hiyo usimjengee mbwa kibanda ndani ya shimo, wala penye msingi ulioachwa, hata kama pana kivuli kizuri. Usimwachie kamba alfajiri kwenye mabonde. Ukikuta wadudu, ndege au mjusi wamekufa pamoja katika kishimo, rudi nyuma. Na mbwa akiteremka akaanguka, usimfuate. Najua moyo utakavyokuambia. Usiiname, usiteremke, na usimtume mtoto. Mvute kwa kamba ukiwa juu kama ana kamba, la sivyo mlilie ukiwa umesimama.

Siku ya kukimbia

Jumamosi ya Mei 22, 2021, mbingu ilipokuwa nyekundu juu ya volkano ya Nyiragongo, tulikuwa bado mtaa wa Majengo, na mbwa wetu wakati huo alikuwa Simba. Tulitoka na watoto, godoro moja na cherehani. Simba tulimwacha amefungwa. Hatukuamua kumwacha, hakuna aliyemkumbuka. Tuliporudi kesho yake, nyumba ilikuwa imesimama na yeye alikuwa hai, lakini mnyororo ulikuwa umemchuna shingo kwa jinsi alivyovuta usiku kucha. Mei 27 tulipoambiwa tuhame, nilimshika mwenyewe kwa pindo la kitenge, tukatembea naye hadi Sake.

Siku za risasi za mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, Watasema alijificha chini ya cherehani na hakutoka hata kula. Mbwa mwenye hofu ya milio hukimbia bila kuangalia nyuma, kwa hiyo mfungie ndani ya chumba, mwache ajifiche atakapo, usimchape, wala usimfunge mnyororo.

Kamba za mbwa nashona mwenyewe. Kata kitenge kizito upana wa vidole vinne, ukunje mara tatu, upige mishono minne kwa urefu, mita moja na nusu inatosha. Kipande kifupi kinakuwa mkanda wa shingo; uache nafasi ya vidole viwili kati yake na shingo. Ndani ya mkanda natarizi namba ya simu kwa uzi mweupe, na jina la avenyu. Kipande cha tatu, laini, ni cha kumfunga mdomo kwa muda mfupi kwenye foleni ya watu, kisimzuie kupumua. Vyote vitatu vinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na mfuko wa vitambulisho na kijitabu chake cha chanjo.