SOMO: Kutoa kitabu chako mwenyewe, toka mswada mpaka mkononi kwa msomaji

Wakuu, kila wiki napata meseji zinazouliza kitu kile kile, "mswada nimemaliza, sasa nifanyeje?" Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naweka yote hapa na ukiniuliza tena nitakurudisha hapa hapa. Nimetoa vitabu vinne kwa hela yangu, hakuna kampuni nyuma yangu.

1. Maliza kuandika. Sura tatu nzuri siyo kitabu.

2. Mswada uweke pembeni mwezi mzima, usiuguse.

3. Tafuta mhariri. Siyo rafiki aliyefaulu lugha shuleni, mhariri. Mpe sura moja kwanza, umlipe hiyo moja, uone kazi yake, ndipo mpatane bei ya mswada wote.

4. ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu. Ni tarakimu 13 tangu 2007, zamani zilikuwa 10. Unaomba kwenye ofisi inayozitoa nchini kwako, sehemu nyingi ni maktaba ya taifa. Kitabu cha karatasi kina namba yake na cha kusomea kwenye simu kina yake.

5. Kava. Mlipe anayejua. Picha iwe nukta 300 kwa inchi, rangi ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande maana karatasi husogea kidogo kwenye kisu. Halafu liangalie kwenye simu likiwa dogo kama stempu, jina lisiposomeka mrudishie.

6. Kupanga kurasa na kuchapa. HAPA TULIENI.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa kurasa 320, saizi A5, nikajipangia mwenyewe kwenye Word, pambizo (ile nafasi tupu ya pembeni mwa maandishi) milimita 8 pande zote nne, kwenye skrini kilipendeza kweli kweli. Mchapaji akaniuliza kama nataka nakala ya mfano, nikaona ananichelewesha, tarehe ya uzinduzi nilishaitangaza, nikamwambia piga zote 500. Siku zilipofika nikachana boksi, nikatoa kimoja nikafungua katikati, ukurasa wa 161, herufi za mwanzo za kila mstari zimezama kwenye mkunjo, "alikuja" inasomeka "ikuja". Nikakandamiza kwa mikono miwili ili nione, gundi ikalia ka! na karatasi mbili zikabaki mkononi. Nikafungua cha pili, cha tatu, vyote hivyo hivyo. Waliolipa mapema niliwarudishia hela, na uzinduzi nikauahirisha. Mchapaji hana kosa, aliniuliza. Kwa hiyo shikeni haya:

– Pambizo la ndani lisilingane na la nje. Kurasa 300 kwenda juu mimi naweka ndani milimita 22, nje 15.

– Unene wa mgongo unahesabiwa, haukisiwi. Kurasa 320 ni karatasi 160, karatasi ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ni milimita 16. Ila karatasi za krimu nyingi ni nene zaidi, muulize mchapaji unene wa karatasi ATAKAYOTUMIA, ndipo mtu wa kava amalizie.

– Uliza kurasa zinakwenda kwa mafungu ya ngapi, mara nyingi ni 16 kwa sababu karatasi kubwa la mashine hukunjwa. Ukiwa na kurasa 323 unalipia 336.

– Peleka PDF yenye fonti ndani yake, usipeleke Word.

– Nakala ya mfano ishike MKONONI. Usikubali picha ya WhatsApp. Isome yote ukiwa na kalamu.

7. Bei. Jumlisha gharama zote, kumbuka nakala utakazogawa bure na fungu la mwenye duka.

8. Kutangaza. Anza kitabu kikiwa bado kwa mhariri. Mimi natoa sura ya kwanza nzima bure kwa anayeomba, nachukua barua pepe yake, siku kikitoka nawaandikia wao kwanza. Watu 60 walioomba wenyewe wamenifaa kuliko makundi yote niliyowahi kutupia linki.

MASWALI

kalamu_ya_mkaa: Mkuu nimemaliza mswada jana kurasa 90, nipe namba ya mchapaji nipige wiki hii

JIBU: Hatua ya 2. Halafu ya 3.

kalamu_ya_mkaa: nimeona ila nina haraka mkuu

JIBU: Hata mimi nilikuwa na haraka. Namba nitakupa ukishahaririwa.

BintiWaWino: Kaka asante sana. Hiyo 22 umeipataje? Changu ni kurasa 140 tu.

JIBU: Dada umeuliza la maana. Tafuta kitabu kilichochapwa vizuri, saizi kama ya chako na unene kama wa chako. Kifungue katikati bila kukandamiza, weka rula kwenye mkunjo, pima mpaka herufi ya kwanza. Fanya kwa vitabu vitatu. Chembamba hufunguka vizuri kwa hiyo hakihitaji nyingi, kinene kinabana. Halafu kabla ya kumlipa mtu printi kurasa nne tu, kata saizi yake, zibane na kibanio cha karatasi upande wa mgongo usome.

mzee_wa_ngano: ISBN inazuia watu wasiniibie?

JIBU: Hapana mzee wangu, ile ni namba ya kukitambulisha kitabu tu. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hazidai usajili kwanza. Ila tunza rasimu zako zote zenye tarehe, na kama nchini kwako kuna kusajili kazi sajili, siku ya kesi itakusaidia.

rida77: Kuprinti kumepitwa, weka Amazon hakuna hasara. Mimi napata asilimia 70 ya bei na PDF nauza WhatsApp

JIBU: Sijasema mtu asiweke, changu cha tatu kiko huko. Hiyo 70 ni kwa bei ya dola 2.99 mpaka 9.99 na kwa nchi walizozitaja, nje ya hapo ni 35. Uliweka tiki KDP Select, ule mpango wa kuwaachia Amazon peke yao kitabu cha kielektroniki?

rida77: ndio ile ya siku 90

JIBU: Basi simamisha PDF leo. Ndani ya siku hizo kitabu chako cha kielektroniki hutakiwi kukiuza wala kukigawa bure kwingine, cha karatasi ndiyo ruhusa. Na inajirudia yenyewe, toa tiki kabla hazijaisha.

rida77: duh, sikuisoma hiyo. asante

BintiWaWino: Kaka nimepima vitatu, vimetoka 17, 18, 17. Na mimi nichangie, mswada wangu naiachia simu inisomee kwa sauti huku nafuata kwa macho. Majina inayakosea lakini nimekamata "kwa kwa" kumi na moja ambazo nilizipita mara tano.

JIBU: Hii naijaribu leo. Weka 18.